Pikapu ya Kuvuta Boti ya Papa

Ipo siku moja, mwanangu Elia, ambayo naikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, na mume wangu asisikie. Ni siku ambayo Koko, mama yake baba yangu, alipita katikati ya kambi hii ya Dzaleka ameketi ndani ya boti, miguu yake imo ndani ya maji, anawapungia watu mkono. Na ziwa lilikuwa mbali kabisa, huko nyuma ya milima.

Nimekuita ukae hapa kwa sababu ya zile picha za jana. Ulisema bosi wako wa Lilongwe amekupa kazi ya kutafuta pikapu ya kuvuta boti yake kubwa mpaka Salima, kule ziwa Malawi. Ukanifungulia simu, ukanionyesha pikapu nyekundu yenye taa nne kichwani na matairi manene, macho yako yanang'aa utadhani umeonyeshwa bibi harusi. Ukasema, "Tantine, hii iko na nguvu, inaweza kuvuta nyumba." Mimi nikacheka mpaka chai ikanipalia, ukaninunia. Basi leo usinune. Chai ipo, mandazi yapo, na mvua hii haina mpango wa kwenda popote. Nikueleze kilichonichekesha.

Baba yangu, Papa Asukulu, alikuwa fundi wa boti. Kwetu Fizi, Kongo, kando ya ziwa Tanganyika, wavuvi walikuwa wanatembea vijiji na vijiji kumtafuta. Usione vyaelea, mwanangu, vimeundwa, na vingi vya kule viliundwa na mikono ya Papa. Vita vikatutoa, tukatembea, tukafika Malawi, tukapewa kiwanja hapa Dzaleka, kwenye uwanda huu wa upepo na vumbi ambapo maji tunayoyajua ni ya mjigo, ile pampu ya mkono inayokutoa jasho kabla haijakutoa maji. Fundi wa boti mahali pasipo ziwa! Papa akawa anatengeneza vitanda, milango na mabenchi ya kanisa. Hakulalamika hata siku moja. Ila mabenchi yake, ukiinama ukayatazama kwa chini, miguu yake ilikuwa imepinda kidogo kama mbavu za boti. Mkono ulikataa kusahau.

Sasa mabenchi hayo ndiyo yaliyoleta maneno. Mvuvi mmoja wa Salima, Bwana Mwale, alikuja kambini kununua maharage, akaalikwa kanisani, akakaa kwenye benchi. Ibada ilipoisha hakuuliza habari za mhubiri, aliuliza nani kapinda mbao hizi. Wakaletwa pamoja yeye na Papa, wakaongea kwa mikono kuliko kwa midomo, na mwisho wake Bwana Mwale akataka boti ya kwetu, ndefu, pana ya tumbo, ya kubeba nyavu na watu kumi. Mbao akaleta yeye, tela ya chuma akaleta yeye. Sisi wakimbizi hatukuwa na ruhusa ya kuhamia ziwani, kwa hiyo boti ikajengwa hapa hapa, nyuma ya nyumba yetu, kati ya choo cha jirani na shamba la mihogo.

Watu walitucheka, we! Wengine walikuja kila jioni kama wanaokwenda kutazama mpira. "Fundi, hiyo mvua ya kuelea itanyesha lini?" Papa alikuwa anatabasamu na misumari mdomoni, anaendelea. Lakini magoti yake yalikuwa yamechoka, na macho yalishaanza kuingia ukungu. Siku alipogonga msumari wa mwisho alituita sote akasema wazi:

"Hii njo ya mwisho. Ikifika kwa maji muzima, roho yangu itatulia. Ikivunjika mu njia, musiniombe tena hata kiti."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei. Mimi nikaingia ndani nikalia kidogo, kwa sababu kazi ya kutafuta gari la kuivuta boti hiyo alikuwa amenipa mimi. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kidogo, nimesoma shule ya hapa kambini, Chichewa, lugha ya huku, nakijua, Kiingereza nakijua kidogo cha kutosha kujidai. Papa alijua mbao. Mambo ya mjini yalikuwa yangu.

Nikapanda minibasi mpaka Lilongwe, nikaingia mtaa wa Kauma, kwa sababu nilisikia huko yuko kijana wa kwetu mwenye pikapu. Nikamkuta. Jina lake Désiré, mtu wa Bukavu, amesoma, shati limepigwa pasi, Kifaransa kinamtoka mpaka puani. Pikapu ilikuwa ya kaka yake, walibebea magodoro ya biashara. Ilikuwa ya bluu, imeinuka juu, imeoshwa mpaka niliona meno yangu kwenye mlango wake. Akawasha, akakanyaga mafuta, mbwa wa Kauma wote wakatimka. Nikamwuliza kama inaweza kuvuta boti. Akacheka.

"Mademoiselle, boti ni nini? Ni mbao tu. Kwetu mutu mumoja anaivuta na kamba."

Na mimi, binti wa fundi, nikaitikia kwa kichwa! Hapo ndipo sisi watu wa ziwani tunapopotea, mwanangu, na mtu wa bara hawezi kupotea hivyo. Tangu tunazaliwa tunaiona boti ndani ya maji. Ndani ya maji hata mama mjamzito anaishika kamba, anaivuta boti ya watu kumi, inamfuata taratibu kama mbuzi. Hakuna siku tuliyowahi kuuliza boti ina kilo ngapi. Uzito wake ziwa ndilo lililokuwa linaubeba, na ziwa halikuwahi kutuambia.

Halafu wahenga hawakukosea, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Désiré hakuuliza boti ina ukubwa gani. Mimi sikumwambia. Nilikuwa naangalia rangi ya bluu, na kusema kweli ya Mungu, nilikuwa naangalia na lile shati.

Sasa sikiliza jambo la pili. Kwetu boti mpya inanyweshwa. Mbao zikikauka zinaachana, mianya inafunguka, hata pamba na mafuta ya mawese uliyozibia yanatoka. Ukiitia maji tumboni, mbao zinavimba, zinashikana, boti inakuwa kitu kimoja. Kule ziwani unaiacha tu majini inakunywa yenyewe. Huku juu upepo unakausha mate mdomoni, basi Papa alikuwa anainywesha kila asubuhi, na kina mama wa jirani walikuwa wanamsaidia na ndoo zao, wanacheka wanamsaidia. Jioni akimaliza kazi alikuwa anakaa kando ya boti, ameingiza mkono ndani ya yale maji. Mimi nilidhani anapima mianya.

Asubuhi ya safari akaamuru ijazwe maji mpaka magotini, isije ikakauka njiani. Tukajaza. Nani angembishia?

Na jambo la tatu ndilo Koko. Katika ukoo wetu boti mpya haiendi majini kabla mkubwa wa ukoo hajakaa ndani yake. Mkubwa alikuwa Koko. Papa akamwekea kiti mle ndani, tukampandisha, akaketi ameshika bakora yake, kitenge amekipandisha magotini, miguu majini. Kwaya ya kanisa ikaimba. Désiré akafunga tela nyuma ya pikapu, akakanyaga mafuta, na pikapu, nisiinyime haki yake, ikavuta. Ilivuta vizuri sana. Tukapita kati ya soko, watu wanapiga vigelegele, Koko anapunga mkono kama mke wa rais. Nilikuwa nimekaa mbele karibu na Désiré na nilijiona nimefika.

Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Mteremko wa kwanza tu nje ya kambi, wala si mkubwa, baiskeli za kabaza, zile za kubeba abiria, zinaushuka bila kuacha kupiga kengele, nikasikia kitu kinatusukuma mgongoni. Désiré akakanyaga breki. Tukaendelea kwenda. Akakanyaga kwa miguu yote miwili. Harufu ya kuungua ikaingia ndani. Kwenye kioo niliona boti inatikisa mkia, kulia, kushoto, kulia, na kila ikitikisa, nyuma ya pikapu yetu inafuata. Maji yote ya tumboni yalikuwa yamekimbilia mbele, yanatupiga kama watu wanaobomoa mlango. Sikuwahi kujua maji yana ngumi. Nikapiga kelele moja tu, "Koko!"

Tukatoka barabarani, tukaingia kwenye shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, tukasimama kwa upande, pua ya pikapu ndani ya kichuguu.

Nikatoka mbio. Boti imelala kidogo, tela imepinda shingo, na Koko yuko mle ndani, bado kwenye kiti chake, amelowa kuanzia kilemba mpaka kucha, bakora mkononi. Akajipangusa uso. Akatutazama mmoja mmoja.

"Batoto yangu," akasema, "tumefika ku ziwa?"

Mwanangu, tulicheka! Kwaya ilikuwa inakuja mbio inalia, ikafika inacheka, watu wakakaa chini kwa kicheko. Mpaka Papa alipofika. Alikimbia kwa magoti yale mabovu, hakucheka. Akaizunguka boti akiipapasa. Mkuku, ule mti wa chini unaoshika boti yote, ulikuwa mzima. Lakini karibu na kichwa ubao mmoja ulikuwa umepasuka, na maji yanatoka pale kama mtu anayetokwa na damu ya pua. Papa akaketi chini kwenye mabua ya mahindi.

"Basi," akasema. "Imeisha."

Kicheko kikafa. Koko akaomba ashushwe. Huyo bibi, nikwambie, ujana wake wote alibeba vikapu vya samaki kichwani kutoka ziwani mpaka juu ya milima ya Fizi, na kushuka na vikapu vya muhogo. Akasimama mbele ya mwanawe, maji yanamchuruzika.

"Asukulu. We unapelekea ziwa maji? Ziwa ilikutuma?"

Koko akanigeukia mimi, nikatamani kuingia ndani ya kichuguu.

"Na we Yuliana. Uliangalia mutuka hii inakimbia namna gani. Kusimama je, uliangalia?"

"Hapana, Koko."

"Na huyu kijana wa Kifaransa, alikuuliza muzigo iko na uzito gani?"

"Hapana, Koko."

"Mutu anabeba muzigo yako bila kuuliza uzito, atakuuliza akisha kuiangusha." Akavuta pumzi. "Kupanda, kila punda anapanda. Kushuka njo kunavunja shingo. Mi nilishuka milima miaka yote ile, naijua shingo yangu."

Sote tukamtazama Désiré. Tulijua atafungua tela aende zake, nani angemlaumu, pikapu ya kaka yake imepondeka pua. Akainama. Akavua viatu vyake vinavyong'aa, akavipanga vizuri kando ya barabara, akakunja suruali, akapanda ndani ya boti. Akaomba sufuria. Tukampa ile ya nsima, ugali wa huku, tuliyobeba ya safari, akaanza kuchota maji na kuyamwaga nje. Mimi nikapanda nikamsaidia kwa bakuli.

Papa alikuwa anatazama yale maji yanavyomwagika ardhini, ardhi inayanywa, hayaonekani tena. Nikaona machozi yanamtoka. Sikuwahi kumwona baba yangu analia, hata tulipokuwa tunatoka kwetu. Koko akainama kwa shida, akamshika bega, na akasema pole pole, lakini nilisikia:

"Najua, mutoto yangu. Si boti njo ilikauka. Ni we. Vumilia kidogo tu, utainywesha kule."

Hapo ndipo nilipoelewa ule mkono wa jioni ndani ya maji.

Boti tukaifunika magunia yaliyolowa na vitenge vya kina mama, isichanike kwa jua, na mwenye shamba, Mungu amweke, akaturuhusu ikae pale. Désiré aliirudisha pikapu kwa kaka yake, akatukanwa vya kutosha, akarudi kwa minibasi. Akawa analowesha magunia asubuhi na jioni, na kumshikia Papa mbao alipokuwa anabadilisha ule ubao uliopasuka. Kila siku shati lilizidi kuchafuka, na mimi kila siku nilikuwa na sababu ya kupeleka chakula shambani.

Safari ya pili ya kutafuta gari nilikwenda na Koko. Tulipokuwa tunapita chini ya Capital Hill aliona zile pikapu za wizara zimepangwa, nyeupe, safi. Nikasema, "Koko, zile je?" Akazitazama mpaka minibasi ikazipita. "Zile zimezoea kubeba tai za shingo," akasema. Nikatafsiri, watu ndani ya gari wakacheka na yeye hakuelewa wanacheka nini.

Tukafika mtaa wa Nsungwi kwa dereva mmoja, Bambo Chisale. Aliyetuelekeza alisema huyo ndiye anayebeba matofali ya nusu ya mtaa. Pikapu yake, mwanangu, ungeipita usiiangalie mara mbili. Rangi imekuwa ya majivu, mlango mmoja umefungwa kwa waya. Lakini ilikuwa nene ya mifupa, fupi, imeketi chini kama mama wa sokoni. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa tenzi mwenye sauti mbaya kabisa, anaimba hata akiongea na wewe. Nikamweleza nina boti. Akaacha kuimba.

"Boti ya mbao gani?" aliniuliza kwa Chichewa. "Kavu au ina maji? Urefu wake? Tela ina breki zake au haina? Mteremko gani tunashuka, na tunashuka asubuhi au jua kali?" Nikaanza kupima urefu kwa mikono yangu. Akatikisa kichwa. "Basi sisemi ndiyo wala hapana. Nitakuja kuiona kwanza."

Koko hajui Chichewa, lakini alinishika mkono akaubana. Alikuwa amehesabu yale maswali kwa masikio tu.

"Mwambie atuonyeshe kusimama," akasema.

Bambo Chisale hakushangaa hata kidogo. Pikapu ilikuwa imejaa matofali, akatupakia mbele, akatupeleka kwenye mteremko wa pale Nsungwi. Kabla hajaanza kushuka, tukiwa bado juu, akaingiza gia ndogo. Gari likaguna, likashuka kama mzee anayeshuka ngazi za kanisa. Katikati akakanyaga breki. Likasimama, na matofali hayakusogea. Koko akapiga makofi, akacheza bega pale pale kitini. "Zikomo!" akapiga kelele, asante, neno lake la pekee la Chichewa. "Zikomo, zikomo, zikomo!"

Bambo Chisale alipokuja shambani kuiona boti, yeye na Papa walizunguka tela pamoja nusu ya siku, kila mtu kwa lugha yake. Papa akaziangalia alama za matairi ardhini, pale mkia ulipokuwa unayumba. Ghafla akapiga paji la uso. Kwenye maji, akasema, tunalemeza mkia, ili kichwa kipande mawimbi, na mimi nimeipakia tela hii kama niko majini. Barabarani ni kinyume, uzito uende mbele kidogo, umkalie mvutaji. Nikatafsiri. Bambo Chisale akamshika mkono Papa akautikisa mpaka nikaogopa ataung'oa, maana na yeye alikuwa anataka kusema hilo hilo. Wanaume wa kwaya wakaisukuma boti mbele. Tela ikanyooshwa shingo na mchomeleaji, ikatiwa na breki zake yenyewe. Désiré akachonga vipande viwili vya mbao ngumu, vya kuzuilia magurudumu kila tukisimama, na akaomba akae nyuma ya pikapu navyo. Hakuna aliyemkatalia.

Tukaondoka. Taratibu, we! Kabaza zilitupita. Kabaza moja ilibeba mama na mbuzi, na mbuzi akageuka akatutazama kwa huruma. Koko safari hii alikaa ndani ya gari. "Desturi nitaifanya kule," alisema, "leo nimeshaoga." Tulipofika juu ya mteremko mkubwa wa kushukia Salima, ule ambao ukisimama unaiona nchi yote chini na mstari wa maji mwisho wake, Bambo Chisale akasimama. Désiré akaruka na vipande vyake, akavisukuma mbele ya magurudumu. Tukashuka wote kuomba. Papa alikuwa ameuona ule mstari wa maji na hakufumba macho wakati wa sala. Tukashuka kwa gia ndogo, tenzi mbaya zinaimbwa kwa sauti kubwa, tukisimama kupoza breki, Désiré akiruka kila mara. Boti ilitufuata nyuma kimya, mkia umetulia, kama iliyovutwa na kamba ya mama mjamzito.

Bwana Mwale alipoiona ikiingizwa majini alishika kichwa. Maji yalikuwa yanaingia kila mwanya! Mbao zilikuwa zimekauka, zimeachana, boti inazama pale pale penye maji ya kiunoni. "Mumeniletea kichujio!" akalia. Na Papa, aliyekuwa ameingia majini na nguo zake zote mpaka kifuani, akacheka. Kicheko chake kile sikuwa nimekisikia tangu kwetu, hata Koko aligeuka kuangalia ni nani.

"Muiache," akasema. "Muiache inywe."

Tukaiacha. Ilikunywa mpaka ikashiba, mbao zikavimba, zikashikana. Walipoitoa maji ya tumboni na kuirudisha, ilielea, imekaza, haina hata tone. Wakampandisha Koko kwanza. Akaketi kwenye kiti kile kile, ameshika bakora, boti ikacheza chini yake. Papa alikuwa majini, ameishika kwa kamba, anaivuta kwa mkono mmoja.

"Asukulu," Koko akamwita. "Tumefika ku ziwa?"

"Tumefika, mama," Papa akasema. "Sasa njo tumefika."

Na alitengeneza nyingine tatu baada ya ile, kwa hivyo hilo neno lake la mwisho tulimsamehe.

Désiré alipokuja na wazee wake kuniposa, wajomba zangu walitaka kukataa. Walisema kijana huyu gari lake lilitaka kutuua. Papa akawaacha wamalize yote. Halafu akasema, "Mutuka yake haisimame. Lakini yeye anasimama." Maneno yakaishia hapo. Ndiye huyo mume wangu, tonton wako, anayekoroma mle chumbani kushinda mvua.

Sasa, Elia, mwanangu, nisikilize, maana nimesema mengi. Mtu akiniuliza pikapu gani inavuta boti, sitamjibu rangi wala taa za kichwani. Kwanza utoe maji. Kila mzigo una maji ndani yake, vitu tunavyobeba kwa mazoea au kwa huzuni, na kule tunakokwenda vimejaa tele. Boti ya bosi wako ina matangi, itakuwa na vyuma na mafuta na takataka zake, vitoe, viende kivyake. Kisha uulize kilichobaki kina uzito gani, na usimwamini mtu asiyekuuliza swali hilo. Gari unalotaka ni lile linalosimama likiwa na mzigo mgongoni, na dereva wake awe anaingiza gia ndogo akiwa bado juu. Hata mke utamchagua hivyo, hata rafiki wa biashara. Siku za kupanda kila mtu ana nguvu na anaimba. Wewe mtazame kwenye mteremko. Na akikosea, usimfukuze upesi, subiri uone kama atavua viatu aombe sufuria.

Haya, niambie. Boti ya bosi wako ina kilo ngapi?

Unanitazama. Hujui! Nilijua hujui. Basi kesho usiende kwenye pikapu, nenda kwanza kwenye boti.

Mungu wa baba zangu akutangulie kwenye kila kilima, na kwenye kushuka akukalie karibu zaidi. Mzigo wako ufike mzima. Utakaowaacha nyuma wakuombee, na utakaowakuta mbele wakupokee. Usikauke, mwanangu. Na ukikauka, upate wa kukusubiri mpaka ufike majini.

Maliza chai hiyo, kisha kamwamshe tonton wako. Mwombe vile vipande vyake viwili vya mbao. Viko chini ya kitanda chetu mpaka leo.